Kugeuza namba za desimali kuwa binari, kwa kuanzia na kibaba, kisaga na pishi

Mfano wa kwanza niliofundishwa wa kugeuza namba kuwa binari, yaani kuiandika kwa tarakimu 0 na 1 tu, ulikuwa 45, na wa pili ulikuwa 27. Nilizigawanya kwa 2 kama nilivyoelekezwa, nikaandika baki moja chini ya nyingine, nikazisoma kutoka juu kwenda chini, na majibu yangu, 101101 na 11011, yote yakapata alama ya vema. Siku ya mtihani ikaletwa 50, nami kwa kujiamini nikaandika 010011, ambayo kwa hakika ni 19. Baadaye ndipo nilipong'amua kuwa 45 na 27 zikiandikwa kwa binari husomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia, kwa hiyo mifano ile ilikuwa imelificha kosa langu badala ya kulifichua. Mwenye kufundisha somo hili asianze na namba za aina hiyo. 5, 9, 21 na 33 nazo zina kasoro ileile.

Kanuni ya kugawanya kwa 2 na kusoma baki kutoka chini ni sahihi, lakini anayeikariri bila kujua baki hizo ni kitu gani ataigeuza juu chini siku yoyote atakayokuwa na haraka. Kwa sababu hiyo, kabla ya kugawanya chochote, tuone kwanza tarakimu za binari zinahesabu nini.

Thamani ya nafasi

Katika mfumo wetu wa kawaida, namba 347 maana yake ni mamia 3, makumi 4 na mamoja 7, na kila nafasi ina thamani mara 10 ya nafasi iliyo kulia kwake. Huo ndio mfumo wa desimali ninaousema hapa, ingawa shuleni neno hilo limezoeleka zaidi kwa namba zenye nukta. Katika mfumo wa binari kila nafasi ina thamani mara 2 ya ile iliyo kulia kwake, yaani, kutoka kulia kwenda kushoto, 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na kuendelea. Tarakimu zake ni 0 na 1 tu, na kila moja huitwa biti. Tarakimu ya 2 haihitajiki kabisa, kwa sababu vitu viwili vikipatikana katika nafasi moja hubadilishwa kuwa kimoja katika nafasi inayofuata, kama vile makumi kumi yanavyobadilishwa kuwa mia moja.

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa utaratibu huohuo bila kuupa jina. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja, kwa hiyo pishi ina vibaba vinne. Muuzaji anayetakiwa kupima vibaba 7 vya mchele, naye hataki kuchota mara nyingi, atatoa pishi moja, kisaga kimoja na kibaba kimoja, na akiandika idadi ya kila kipimo kuanzia kikubwa atapata 111. Akitakiwa vibaba 5, atatoa pishi moja, hatatumia kisaga, na atamalizia na kibaba kimoja, yaani 101. Angalia kazi ya ile sifuri ya katikati: inashika nafasi ya kisaga ambacho hakikutumika, na mtu akiidharau na kuandika 11, amempa mnunuzi kisaga kimoja na kibaba kimoja, ambavyo ni vibaba 3, na tayari amempunja.

Kugawanya kwa 2

Sasa chukua vibaba 13 vilivyomwagwa sakafuni, kila kimoja fungu lake, na uviunganishe viwiliviwili. Unapata visaga 6, na kibaba 1 kinabaki bila mwenzake. Unganisha visaga 6 viwiliviwili: unapata pishi 3, na hakuna kisaga kinachobaki. Unganisha pishi 3: unapata jozi 1 ya pishi, na pishi 1 inabaki. Jozi hiyo moja haina mwenzake, kwa hiyo nayo inabaki ilivyo. Ukiandika hatua hizo kwa tarakimu, zitaonekana hivi:

13 ÷ 2 = 6, baki 1 (kibaba)
6 ÷ 2 = 3, baki 0 (kisaga)
3 ÷ 2 = 1, baki 1 (pishi)
1 ÷ 2 = 0, baki 1 (jozi ya pishi)

Baki ya kwanza ni kibaba, kipimo kidogo kuliko vyote, na baki ya mwisho ni kipimo kikubwa kuliko vyote. Kwa kuwa namba huandikwa kwa kutanguliza kikubwa upande wa kushoto, lazima tuanze na baki ya mwisho na kupanda hadi ya kwanza, na jibu ni 1101. Anayesoma kutoka juu anapata 1011, yaani 11, kwa sababu amekihesabu kibaba kana kwamba ni jozi ya pishi.

Tuchukue namba kubwa kidogo, 77, na safari hii tusiwe na vipimo vya kutusaidia:

77 ÷ 2 = 38, baki 1
38 ÷ 2 = 19, baki 0
19 ÷ 2 = 9, baki 1
9 ÷ 2 = 4, baki 1
4 ÷ 2 = 2, baki 0
2 ÷ 2 = 1, baki 0
1 ÷ 2 = 0, baki 1

Tukisoma kutoka chini tunapata 1001101. Hapa kuna kosa la pili ambalo nimeliona mara nyingi kwa wanafunzi: wakifika 1 wanasimama, kwa kuwa 1 haigawanyiki kwa 2, na wanaisahau baki ya mwisho. Endelea mpaka jibu la kugawanya liwe 0, na ujue kuwa biti ya kwanza kushoto itakuwa 1 siku zote. Ikiwa umepata 0 mwanzoni kabisa, ama umesoma kinyume ama umegawanya mara moja zaidi ya inavyotakiwa.

Kuhakiki hakuhitaji kikokotoo. Anza na biti ya kwanza kushoto, kisha kwa kila biti inayofuata zidisha ulichonacho kwa 2 na ujumlishe biti hiyo. Kwa 1001101 utapita 1, 2, 4, 9, 19, 38 na kuishia 77. Ukilinganisha na hesabu iliyo juu utaona kuwa ni majibu yaleyale ya kugawanya yakipandwa kutoka chini, kwa sababu kuhakiki huku ni kurudi nyuma kwa njia uliyojia. Hakikisho la haraka zaidi, ingawa si kamili, ni biti ya mwisho kulia: namba witiri huishia na 1, na namba shufwa huishia na 0. Laiti ningelijua hilo siku ya ule mtihani, ningeona mara moja kuwa 50 haiwezi kuishia na 1.

Kutoa vipeo vya 2

Njia ya pili inaanzia upande wa pili, kwenye kipimo kikubwa, kama afanyavyo yule muuzaji wa mchele. Andika vipeo vya 2, yaani zile thamani za nafasi 1, 2, 4, 8 na kuendelea, mpaka upite namba yako, kisha uliza kila kipeo, kuanzia kikubwa kisichozidi namba hiyo, kama kinaingia katika kilichobaki. Kikiingia, andika 1 na ukitoe; kisipoingia, andika 0 na usogee kwenye kinachofuata. Binafsi naipenda njia hii kwa namba zisizozidi 255, kwani baada ya mazoezi machache mtu huifanya kichwani, na jibu linatoka likiwa tayari limepangwa kutoka kushoto.

Chukua 50. Vipeo vinavyohusika ni 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Kipeo cha 32 kinaingia, na kinabakiza 18. Kipeo cha 16 kinaingia, na kinabakiza 2. Kipeo cha 8 hakiingii, wala cha 4. Kipeo cha 2 kinaingia na hakibakizi kitu, kwa hiyo cha 1 hakina kazi, lakini nafasi yake inaandikwa 0. Jibu ni 110010, na hiyo sifuri ya mwisho ndiyo wengi wanayoiacha kwa kuona kuwa hesabu imeshaisha.

Mazoezi mazuri ya njia hii yako katika simu ya kila mtu. Namba ya nchi ya Kenya ni 254, ya Tanzania ni 255, na ya Uganda ni 256. Kwa 254 kila kipeo kuanzia 128 hadi 2 kinaingia, na cha 1 peke yake kinakosa, kwa hiyo ni 11111110. Kwa 255 vyote vinane vinaingia: 11111111. Kwa 256 hali inabadilika ghafla, kwa sababu kipeo cha 256 chenyewe kinaingia na hakibakizi chochote, nayo inakuwa 100000000, yaani 1 ikifuatwa na sifuri nane. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo Kenya na Tanzania zinaenea katika baiti moja, huku Uganda ikihitaji biti ya tisa. Anayetaka kuendelea ajaribu Rwanda, 250, ambayo ni 11111010, na Kongo ya Kinshasa, 243, ambayo ni 11110011.

Sifuri za kushoto

Hesabu tupu haijali sifuri zinazotangulia, lakini kompyuta huzijali, kwa kuwa huhifadhi namba katika nafasi zenye ukubwa uliopangwa. Anwani ya ruta au ya kompyuta katika mtandao wa nyumbani, tuseme 192.168.1.50, ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na kila moja hupewa biti nane kamili, hata ikiwa ni ndogo. Geuza kila namba peke yake, kisha ujaze sifuri upande wa kushoto mpaka zifike nane:

192 ni 11000000
168 ni 10101000
1 ni 00000001
50 ni 00110010

Jaza kushoto tu. Sifuri moja ikiongezwa kulia inaizidisha namba kwa 2, na anwani inayopatikana ni ya mashine nyingine.

Namba kubwa

Kwa namba zinazozidi elfu, kugawanya kwa 2 kunachosha, na mkono uliochoka hukosea. Njia ya mkato ni kugawanya kwa 16, kwa sababu 16 ni kipeo cha nne cha 2, na kila baki inajitosheleza kwa biti nne. Tuchukue 1964, mwaka wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Kabla ya kuanza, kisia urefu wa jibu: namba hii iko kati ya 1024, ambayo ni kipeo cha kumi cha 2, na 2048, kwa hiyo jibu litakuwa na biti 11, si zaidi wala pungufu.

1964 ÷ 16 = 122, baki 12
122 ÷ 16 = 7, baki 10
7 ÷ 16 = 0, baki 7

Kutoka chini tuna 7, 10 na 12. Geuza kila moja kuwa biti nne: 7 ni 0111, 10 ni 1010, na 12 ni 1100. Ziunganishe, ondoa sifuri inayotangulia, na jibu ni 11110101100, lenye biti 11 kama tulivyokisia. Ukijumlisha 1024, 512, 256, 128, 32, 8 na 4 unarudi kwenye 1964. Anayejua heksadesimali, yaani mfumo wa 16 ambao huandika 10 hadi 15 kwa herufi A hadi F, ataona kuwa ameipita njiani bila kusimama, kwani 7, 10 na 12 ndizo 7AC.

Namba zenye nukta

Kwa sehemu iliyo kulia kwa nukta mambo yanageuka: badala ya kugawanya kwa 2 unazidisha kwa 2, na badala ya kusoma kutoka chini unasoma kutoka juu. Nafasi za kulia kwa nukta zina thamani ya nusu, robo, thumni na kuendelea, kila moja ikiwa nusu ya iliyotangulia. Lugha yetu ilikuwa na majina hayo zamani, ingawa wengi wanaijua thumni kama sarafu tu na wamesahau kuwa maana yake ni sehemu moja ya nane.

Chukua 0.625. Zidisha kwa 2 upate 1.25, andika 1 na ubaki na 0.25. Zidisha tena upate 0.5, andika 0. Zidisha tena upate 1.0, andika 1, na hesabu imekwisha kwa kuwa hakuna kilichobaki. Jibu ni 0.101, yaani nusu moja, hakuna robo, na thumni moja. Ikiwa namba ni 13.625, geuza 13 kwa kugawanya na 0.625 kwa kuzidisha, kila upande kivyake, kisha uziunganishe: 1101.101.

Jaribu sasa 0.1, namba inayoonekana nyepesi kuliko zote. Ukizidisha kwa 2 unapata 0.2, kisha 0.4, kisha 0.8, na kila mara unaandika 0. Halafu unapata 1.6, unaandika 1 na kubaki na 0.6, kisha 1.2, unaandika 1 na kubaki na 0.2. Hapo umerudi ulikokwishapita, na mzunguko hautaisha: 0.000110011001100 na kuendelea bila kikomo. Si kosa lako wala la njia. Sehemu hufika mwisho katika binari pale tu ambapo, ikiandikwa kama sehemu iliyorahisishwa kabisa, namba ya chini yake ni kipeo cha 2. Namba 0.625 ni 5/8 na inafika mwisho, ilhali 0.1 ni 1/10, na ndani ya 10 kuna 5 ambayo 2 haiwezi kuimaliza. Kati ya namba tisa zenye tarakimu moja baada ya nukta, 0.1, 0.2, 0.3 na kuendelea hadi 0.9, ni 0.5 peke yake inayogeuka bila kubakiza kitu.

Kwa kuwa kompyuta haina nafasi isiyo na mwisho, hukata mahali fulani, na kinachokatwa kinaweza kujilimbikiza. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mfumo wa kujikinga na makombora wa Patriot uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud lililorushwa na Iraq, na wanajeshi 28 wa Marekani wakauawa. Saa ya mfumo huo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 ilikuwa imehifadhiwa kwa biti 24, ikiwa imepungua kwa takriban 0.000000095. Mfumo ulikuwa umefanya kazi kwa takriban saa 100 bila kuzimwa, yaani sehemu za kumi za sekunde 3,600,000. Zidisha namba hizo mbili na utapata kosa la sekunde 0.34 hivi, muda ambao Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mfumo ukalitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo.

Katika kazi za kawaida athari ni ndogo, lakini inaudhi. Programu nyingi zikiombwa kujumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na ndiyo sababu anayeandika programu ya mahesabu ya duka au ya chama cha kuweka na kukopa anashauriwa kuhifadhi fedha kwa senti, kama namba kamili, na kuweka nukta wakati wa kuonyesha tu.

Namba hasi

Kwa mkono unaweza kuandika alama ya kutoa mbele ya 110010 na mambo yakaisha. Ndani ya kompyuta hakuna nafasi ya alama hiyo, kwa hiyo namba kamili hasi huhifadhiwa kwa kawaida hivi: andika namba chanya kwa biti zote zilizopangwa, geuza kila 0 kuwa 1 na kila 1 kuwa 0, kisha ujumlishe 1. Kwa -50 katika biti nane, 00110010 inageuka kuwa 11001101, na baada ya kujumlisha 1 inakuwa 11001110. Biti hizo zikisomwa kama namba ya kawaida ni 206, yaani 256 toa 50, na ukijumlisha 50 na 206 unapata 256, ambayo kama tulivyoona kwa Uganda haienei katika baiti moja: biti ya tisa inadondoka na zinabaki sifuri nane, jumla inayostahili ya 50 na -50.

Kulinganisha na mashine

Ukimaliza mazoezi yako unaweza kuyalinganisha na mashine. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, bin(50) inatoa 0b110010, ambamo 0b ni alama ya kuonyesha kuwa kinachofuata ni binari, si sehemu ya namba. Katika Excel, fomyula =DEC2BIN(50) inatoa 110010, na =DEC2BIN(50,8) inajaza sifuri za kushoto mpaka biti nane. Fomyula hiyo ina mpaka wake, kwani haipokei namba inayozidi 511: ukiipa namba ya nchi ya Oman, 968, inarudisha ujumbe wa kosa, na utalazimika kurudi kwenye karatasi, ambako utaona 512, 256, 128, 64 na 8 zikiingia, na kuandika 1111001000.